Acheni Kuuliza Megapikseli

Matangazo ya kamera za mtumba yanaimba wimbo mmoja: "24MP, kali sana, haina tatizo." Lenzi gani? Kimya. Na wanunuzi nao wamejipanga chini ya tangazo, wa kwanza anauliza kama hakuna yenye megapikseli zaidi. Jamani!

Tupige hesabu. Megapikseli moja (MP) ni pikseli milioni moja, yaani vidoti vinavyounda picha. Picha ya megapikseli 12 ina takriban pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukurasa wa A4 ukichapwa kwa nukta 300 kila inchi unahitaji kama 3,500 kwa 2,480, yaani chini ya megapikseli 9. Skrini ya Full HD inaonyesha 2 tu. Na ukitoka 12 kwenda 24 usidhani picha imekuwa kubwa mara mbili kila upande. Upande umeongezeka kwa asilimia 41 hivi. Nikon D90 ya mwaka 2008 ina hizo 12, na picha zake bado zinasimama popote. Haya, anayepiga ndege wa mbali kisha akakata picha hadi kibaki kichwa, huyo megapikseli zinamfaa. Wewe unayejifunza hujafika huko.

Pesa iende kwenye lenzi. Ile ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na bodi (kamera yenyewe bila lenzi), ukiivuta hadi 55 tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kufunguka kupita f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Sebuleni usiku maana yake ni hii: pale ambapo ya kwanza inakulazimisha kupiga kwa sekunde 1/15, na mtoto anayeruka anatoka kama moshi, ya pili inakupa 1/150 kwa ISO ileile (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Sura ikishavurugika hivyo, hata ungekuwa na megapikseli 100 hairudi.

Ila kwenye Nikon kuna mtego. D3100, D3200, D5100 na ndugu zao hazina mota ya fokasi, ile inayoifanya lenzi ilenge ili picha iwe kali, ndani ya bodi. Ukizifunga lenzi ya zamani ya AF-D, isiyo na mota yake, itaingia vizuri, itapima mwanga, halafu fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta AF-S, yenye mota ndani ya lenzi, mfano 35mm f/1.8G, au chukua D90 au D7000 zenye mota yake. Canon EOS hazina kasheshe hii: lenzi za EF zimekuja na mota ndani tangu 1987.

Lenzi ikaguliwe ikiwa mkononi, si kwenye picha ya tangazo. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu nyuma yake, tazama kwa mbele ukiinamisha kidogo kidogo. Vumbi la punje chache halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zinazosambaa kama utando kutoka pembeni, hiyo ni kuvu, rudisha. Kwa lenzi ya Nikon sukuma kile kidude kidogo cha nyuma kisha kiachie: mapanga ya tundu yanapaswa kurudi papo hapo. Yakirudi kwa uvivu, yameingiwa na mafuta.

Kwenye sensa, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachonasa picha, weka f/22 na ISO 100, vuruga fokasi kwa makusudi, piga ukuta mweupe huku ukitikisa kamera. Madoa meusi yaliyofifia ni vumbi, husafishwa, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Mstari mkali usioondoka hata baada ya kusafisha ni mkwaruzo. Hiyo kamera si yako.

Idadi ya shata, yaani mara ngapi kamera imeshapiga picha? Uliza, lakini usikeshe nayo. Zile mara 100,000 zinazotajwa kwa D3200 ni kipimo cha majaribio ya kiwanda, si tarehe ya kufa.

Na muuzaji akikwambia kila kitu kiko sawa ila betri haina chaji kwa sasa, mwambie akaichaji. Utamsubiri.