Miche ya Bure Haipaui Nyumba

Mwezi uliopita nilinunua mbao za kupaulia hapa Mafinga, mkoani Iringa. Paina, mbichi, nzito kwa maji. Wiki tatu baadaye fundi akainyanyua 2x4 moja, akafumba jicho, akaichungulia toka ncha hadi ncha, kisha akacheka. "Bosi, hii ni upinde, tafuta mshale." Akapitisha kidole katikati ya ubao, moyo wa mti ulipopita. Mti mchanga ni mwembamba, hata upasue vipi moyo unabaki ndani ya mbao, na ikikauka inajikunja.

Nilitaka kumgombeza muuzaji. Ila naye alinunua mti kwa mtu aliyebanwa na ada ya mtoto. Paina ya mbao nzuri inataka zaidi ya miaka 15, lakini vijijini Mufindi, Kilolo na Njombe inakatwa ikiwa na minane au tisa. Shamba la serikali la Sao Hill linaweza kusubiri. Mama mwenye ekari mbili hawezi.

Ndiyo maana habari za kugawa miche hazinisisimui. Huku kupanda tunajua. Hata mwalimu na askari wana vishamba vyao. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza 2014 kwa ushirikiano na Finland, ulihimiza hata mbegu bora na matunzo. Tunachokosa ni uwezo wa kungoja. Serikali ikitaka mbao za nyumba ziongezeke, idhamini mikopo ili shamba la miti la miaka minane likubalike benki kama dhamana, mkulima alipe akivuna. Na bima ya moto iwepo, maana ukiangaza Oktoba na kuona moshi mlimani, hata mimi ningekata mapema.

Halafu kuna hizi dingdong, mashine ndogo za kupasulia mbao. Msumeno wake mnene, kila ukipita unakula ubao. Milima ya vumbi la mbao unayoiona ukipita Mafinga (watoto wanateleza juu yake kama mchanga wa pwani) ilikuwa kenchi za watu. Punguzeni kodi kwenye misumeno ya mkanda, iliyo myembamba, wapasuaji wenyewe watabadilisha.

Fundi wangu amechambua rundo. Zilizonyooka ameziegemeza ukutani, fupifupi zitakatwa papi, zilizobaki mke wangu anapikia maharage. Bati bado zimelala sebuleni.