Muhuri mkononi mwa kijana

Juma lililopita, tukiwa barazani Mikindani, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba gemu ni upuuzi unaowapotezea watoto muda, na kwamba ujumbe wa maana hupatikana vitabuni na kwenye mikutano tu. Mbele yake nilinyamaza kwa adabu, lakini neno lile limenikaa kooni hadi leo.

Mpwa wangu hucheza kwenye simu Papers, Please, gemu ya Lucas Pope iliyotoka mwaka 2013. Mchezaji ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni, mwaka 1982. Hulipwa kwa idadi ya wasafiri aliowahudumia, na jioni ujira huo hauna budi kutosha kodi ya nyumba, chakula na dawa za familia yake. Siku moja nilimkuta kijana ameganda. Mume alikuwa amepita, karatasi zake zikiwa kamili. Nyuma yake akaja mkewe, asiye na kibali, akisihi asirudishwe alikotoka. "Mjomba, nikimpitisha naandikiwa kosa," aliniambia, kidole kikisita kati ya muhuri wa kijani na mwekundu. Akagonga mwekundu, akaiweka simu mkekani, na hakuigusa tena usiku ule.

Sisi majirani wa mto Ruvuma, tulioona watu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wakikimbia vita vilivyoanza mwaka 2017, tumesikia hotuba nyingi kuhusu wakimbizi. Hotuba humlaani afisa katili. Gemu ile ilimkalisha mpwa wangu kwenye kiti cha afisa huyo, akaona jinsi njaa ya nyumbani inavyoweza kuupotosha mkono wa mtu mwema.

Nakubali, shingo upande, kwamba gemu nyingi ni kufyatuliana risasi tu. Hata hivyo, Jeshi la Marekani lilitoa America's Army bure mwaka 2002 ili kuwavutia vijana jeshini, na wenye jeshi hawagharimii upuuzi.

Natamani vijana wetu watengeneze gemu ya korosho: ni Agosti, korosho zingali mtini, mtoto anadaiwa sare, na mtu wa kangomba, mlanguzi anayenunua korosho kwa bei ya chini kabla ya msimu, amesimama mlangoni na fedha taslimu, ilhali minada haianzi hadi Oktoba. Siku itakapopatikana, nitamkabidhi mzee wangu simu pale pale barazani, niketi kando yake, nitazame atabonyeza wapi.