Ukiwa na kigugumizi, daktari anaongea na mkeo

Wenye kigugumizi tukikaa pamoja stori za hospitali hazikosi na nyingi zinafanana. Mtu mzima ana familia na kazi yake, anaingia kwa daktari na mke wake, anakwama neno la kwanza tu, daktari anageuza shingo anamuuliza mke, "huyu anasumbuliwa na nini?" Au pale mapokezi, umeulizwa jina umekwama (na jina ndo gumu kuliko yote maana huwezi kulibadilisha), dada wa dirishani anacheka, "jamani umesahau jina lako?" na foleni nzima inasikia. Kuanzia hapo unaelekezwa dawa kwa sauti ya juu, neno moja moja, utafikiri tatizo ni masikio.

Ila na wao tuwatendee haki. Daktari wa OPD (wagonjwa wa nje) asubuhi benchi limejaa mpaka nje, na kuna sababu ya kitaalamu kabisa ambayo sisi huwa hatuisemi: ulimi kuwa mzito ghafla ni dalili ya kiharusi, sukari ikishuka sana pia mtu anaweza kuongea hovyo, pombe ndo usiseme. Daktari asiyekujua akisikia maneno yanagoma ana haki ya kujiuliza, asipojiuliza ndo ningemshangaa. Lakini kujua hilo swali moja tu linatosha, "umeongea hivi tangu zamani au imeanza leo?" Kigugumizi kwa kawaida kinaanza utotoni, wengi kati ya miaka 2 na 5, mgonjwa atakwambia mwenyewe tangu mdogo, basi hapo mke aachwe apumzike.

Kinachonishinda kukitetea ni kumalizia watu sentensi. Wengi hawajui kwamba mwenye kigugumizi neno likigoma anachukua la jirani yake. Anataka kusema kichefuchefu, ile k haitoki, anaishia kusema "na-na-natapika", wakati hajatapika hata kidogo, na daktari kashaandika kutapika. Sasa ongeza daktari anayekisia, "kifua? kinabana eeh?" na mgonjwa kachoka anaitikia ndiyo ili yaishe, hapo faili zima limekuwa la kubahatisha, vipimo vinafuata kilichoandikwa na hela ya vipimo ni yako. Ndo maana wakisema kumalizia mtu sentensi kunaokoa muda mi siwaelewi, mtu akiharakishwa anakwama zaidi halafu wiki ijayo anarudi palepale na ugonjwa uleule.

Wapo wenzetu wanaosema wao wanapenda kusaidiwa neno, sawa, hatufanani, ila muulize kwanza kama anataka. Wengine wanashauri uandike dalili kwenye simu kabla ya kuingia, kuna wanaoona huko ni kunyoosha mikono, mi naona inasaidia sana hasa kwa majina ya dawa na siku ugonjwa ulipoanza, mradi daktari asisome simu akaandika dawa bila hata kukutazama usoni.

Na wasindikizaji wetu nao wana sehemu yao, mara nyingi wanajibu kwa huruma tu wakiona unahangaika. Mkubaliane mkiwa bado nyumbani: daktari akimgeukia yeye, aseme "muulize mwenyewe, ataeleza", kisha anyamaze hata kama ukimya utakuwa mrefu.