Ruzuku ya misitu siyo msaada, na andiko la mradi halimpimi mfugaji nyuki

Kila dirisha la maombi ya ruzuku likifunguliwa nasikia maneno yaleyale. Maofisa wanasema vikundi vya vijijini havijui kuandika maandiko na vikipewa hela vinazila, vikundi navyo vinasema hela zinaenda kwa wanaojuana. Mimi nimekaa na pande zote mbili, nimesaidia vikundi viwili vitatu huku Tabora kuomba hela za mizinga, na naona kuna upande unasemwa vibaya kuliko unavyostahili.

Kwanza hela yenyewe inatoka wapi, maana hapa ndo watu wengi wanateleza. Mfuko wa Misitu Tanzania, ambao ndo unatoa ruzuku hizi, umeanzishwa na Sheria ya Misitu ya 2002, na sheria hiyohiyo imetaja vyanzo vyake: asilimia 3 ya mrabaha, yaani malipo ambayo serikali inatoza kwa mazao yanayovunwa msituni, asilimia 2 ya ada zinazotozwa chini ya sheria hiyo, hela za mazao yaliyotaifishwa, wahisani na kadhalika. Hebu tuishike hiyo asilimia 3. Mrabaha analipa mwenye leseni ya kuvuna, sawa, lakini halipi akaishia hapo, anauweka kwenye bei, kwahiyo fundi aliyenunua ubao wa mninga kachangia, na mama anayenunua mkaa kwa kopo, kama gunia lile lililipiwa, naye kachangia bila hata kujua. Na ule mti ulikua wapi? Ulikua jirani na kijiji ambacho watu wake ndo wanatoka na matawi mabichi kuzima moto kila kiangazi, hawalipwi hata maji ya kunywa. Sasa kikundi cha kijiji hicho kikiomba mizinga kinaomba kilichotoka msituni kirudi msituni. Ndiyo maana hili neno msaada linaniuma, kwa sababu ukishaiita ruzuku msaada, anayeiomba anageuka ombaomba, anakaa kwenye benchi toka saa 2 asubuhi ameshika bahasha, anaambiwa rudi wiki ijayo, na anashukuru.

Maofisa nao wana hoja na ni nzito. Wote tunakumbuka ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 vijana na 2 wenye ulemavu, ilivyosimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mabilioni hayajarudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, hadi 2024 ikarudi na utaratibu mpya. Mkopo na ruzuku ni vitu viwili tofauti, ila ofisa aliyeshuhudia yale hawezi kutoa hela ya umma kwa maneno ya mdomo, maana wakaguzi wakija watauliza sahihi ni ya nani. Andiko linampa kitu cha kushika, bajeti, mpango kazi, barua ya serikali ya kijiji. Na vikundi vya msimu vipo, nimeviona kwa macho yangu, vinaundwa wiki moja kabla ya dirisha kufungwa na katiba wameazima kwa jirani.

Ila njoo uone andiko linavyofanya kazi kijijini.

Kikundi kimoja upande wa Sikonge, watu 20, wengi wameishia darasa la saba, nyuki wamefuga toka enzi za babu zao. Fomu ikaja inataka usuli wa tatizo, malengo mahususi, viashiria vya kupimia mafanikio, uendelevu wa mradi. Wakachanga elfu 15 kila mmoja, laki 3, wakamlipa kijana wa mjini mwenye kompyuta. Kijana akaandika vizuri tu, Kiswahili kimenyooka, jedwali limepangwa, ila nyuki hawajui. Akapanga kwanza uzinduzi, halafu mafunzo, halafu kununua mizinga, halafu kutundika, kama maandiko mengine aliyowahi kuandika. Hela ya awamu ya kwanza ikaingia, na wale wazee, kwa kuogopa kukiuka kilichoandikwa, wakafuata mpangilio wake hatua kwa hatua. Mpaka mizinga inapanda juu ya miti, makundi ya nyuki yalishapita, yameshaingia kwenye mizinga mingine na kwenye mapango ya miti. Kila mtu pale alijua. Mzee mmoja alinishushia mzinga akaufungua, ubao bado unanukia upya, nta aliyoipaka kuvutia nyuki iko vilevile na alama ya kidole chake, ndani yumo buibui.

Wakaja wakaguzi. Wakahesabu mizinga isiyo na nyuki, wakaomba daftari la viashiria. Katibu akamwangalia mwenyekiti, mwenyekiti akaangalia chini. Hawakuwa hata na nakala ya andiko lao, lilikuwa kwenye flashi ya kijana na kwenye faili ofisini, basi. Ripoti ikaandikwa kikundi hakina uwezo wa kusimamia mradi, awamu ya pili haikuja.

Hapo ndo nauliza, nani kashindwa? Kilichopimwa ni uandishi wa kijana wa mjini, halafu aliyeadhibiwa ni mfugaji. Na mwakani ofisa mwingine atasoma ripoti ile na kusema mnaona, wakipewa hela wanazila, wakati hela ilienda kwenye mizinga kama ilivyoandikwa mpaka senti ya mwisho.

Mimi ningependa afisa nyuki wa wilaya aende kijijini na fomu ya kurasa mbili, aulize kwa mdomo aandike mwenyewe, aoneshwe manzuki, pale mizinga inapotundikwa, aulize mnatundika mwezi gani. Najua nitaambiwa maofisa ni wachache, pikipiki haina mafuta, na ukimpa mtu mmoja nguvu hiyo unafungua mlango wa rushwa. Ni kweli, sikatai. Lakini majibu yakisomwa mkutano mkuu wa kijiji na bajeti ikabandikwa ukutani pale ofisi ya kijiji, kudanganya kunakuwa kugumu kuliko sasa, na kikundi hewa majirani wanakijua siku hiyohiyo, maana hakuna anayewahi kuwaona wakirina asali.

Kikundi cha mwisho nilichosaidia tulikaa chini ya mwembe nusu siku nzima, nikawasomea andiko kwa sauti kipengele kwa kipengele. Kwenye mizinga 50 mama mmoja akanyoosha mkono, akasema sisi wenye nguvu za kupanda miti hatufiki 8, hiyo 50 nani ataipandisha? Tukashusha ikawa 24. Kutundika tukakuweka mwanzo, mafunzo yakafuata, na uzinduzi tukaufuta. Likatoka fupi kuliko fomu inavyotaka, tukalipeleka hivyohivyo, na nakala moja ipo kwa katibu, kwenye sanduku moja na katiba na daftari la michango. Majibu bado.