Pini nyingi haziponyi wavu mbovu

Linapokuja suala la kumkunja mhusika wa katuni kwenye kompyuta, wahuishaji wamegawanyika kambi mbili. Wa kwanza hutaka pini chache, yaani nukta zinazobandikwa kwenye mchoro ili kuuvuta au kuushikilia: bega, kiwiko, kiganja, basi. Wa pili hupigilia pini kila penye wasiwasi, wakiamini kwamba mchoro ulioshikwa mahali pengi ndio unaotii.

Programu huufunika mchoro kwa wavu wa pembetatu. Mwaka 2005 watafiti Takeo Igarashi, Tomer Moscovich na John Hughes walionyesha namna ya kuvuta nukta chache huku kompyuta ikijitahidi kila pembetatu isiachane sana na umbo lake la awali. Mwaka 2007 After Effects CS3, programu ya Adobe ya uhuishaji, ikaja na zana ya Puppet, yenye wazo la namna hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui mfupa uko wapi. Weka pini begani na kiganjani tu, mkono utapinda kama mpira wa kumwagilia bustani. Pini ya kiwiko ndiyo inayouonyesha pa kujikunja.

Kambi ya pili ina hoja nzito kuliko hiyo: pini huzuia pia, haisogezi tu. Vuta kiganja cha mhusika ambaye miguu yake haikushikiliwa uone kiwiliwili kizima kinavyoyumba. Pini mbili visiginoni, zisizoguswa tena hadi mwisho, humaliza shida hiyo. Midomo nayo haiendeshwi kwa pini tatu.

Gharama yake huonekana mwendo unapoanza. Kila pini ina fremu zake muhimu, yaani zile ambazo mhuishaji ameipangia nafasi, na kati ya fremu mbili za aina hiyo, pini isiyoelekezwa hupita njia iliyonyooka, ilhali mkono wa mtu huinuka kwa tao. Basi mkono hufupika katikati ya safari, kisha hurefuka tena. Ikiwa pini ni ile moja ya kiganja, unaikunja njia yake na kuendelea na kazi. Zikiwa tano kati ya kiwiko na kiganja, kila moja inadai tao lake, na zikipishana hata kwa fremu moja ngozi hutetemeka. Mtazamaji hatajua kwa nini, lakini ataona.

Kwenye Live2D, programu ambamo mchoro hupindwa kwa kuvuta nukta za gridi, hesabu inatisha zaidi. Kichwa kinachogeuka kushoto na kulia, juu na chini, kwa kawaida hutengenezewa mikao 3 kwa 3, yaani 9. Gridi ya visanduku 5 kwa 5 ina nukta 36. Katika mikao yote hiyo ni nafasi 324 za kupanga. Gridi ya 2 kwa 2 ina nafasi 81 tu. Programu inaweza kukutungia mikao minne ya kwenye kona, sawa, lakini kuikagua bado ni kazi yako.

Nionavyo mimi, ubishi huu umechanganya wingi wa pembetatu na wingi wa vishikio, yaani pini au nukta tunazozivuta. Goti likionekana limekatikakatika, mara nyingi pembetatu ni kubwa mno. Ongeza pembetatu, pini ziache. Live2D yenyewe imevitenganisha: mgawanyo wa gridi inayopinda ni kitu kimoja, na mgawanyo wa vishikio vya Bezier (vya kuongoza mikunjo) unavyovivuta ni kingine. Uso laini wenye nukta nyingi unaweza kuendeshwa kwa vishikio vichache.

Katika michezo ya simu, hata pembetatu huwa na bei. Kwenye Spine, programu inayoendesha mchoro kwa mifupa ya kidijitali, nukta ya wavu iliyofungwa kwenye mifupa mitatu huhitaji hesabu ya mifupa yote mitatu katika kila fremu. Jaza skrini wahusika wa namna hiyo na simu ya bei nafuu itaanza kukwamakwama.

Ningeanza na pini za viungo na za kuzuia, nimpeleke mhusika hadi mkao wake mgumu kuliko yote, kisha niongeze pale tu anapoharibika. Ila kwenye upindo wa kanga unaopeperuka sina ubishi: hauna kiungo cha kuanzia, na huko kambi ya pili ipigilie pini zake zote.