Aina nne za tishu na manila ya pande mbili

Kwanza mjue kwetu huku Mtwara mjomba si mtu wa kuja kwenye harusi akala pilau akaondoka. Kwa sisi Wamakonde mjomba ni mzazi kamili, mtoto wa dada yako akifeli unaulizwa wewe, akiposwa unatafutwa wewe, kwa hiyo dada alivyopanda Newala mwezi wa kumi kuokota korosho zake akaniachia Zuhura wa kidato cha kwanza, nikajua hapa nimekabidhiwa mtu pamoja na madaftari yake yote.

Mi kazi yangu korosho za kukaanga, nauza stendi kwenye vifuko. Nabangua mwenyewe nyumbani kwa kuni, gesi inachimbwa huku huku kwetu ila bomba limetupita hapo linaelekea Dar, tuyaache hayo. Wanaobangua wanajua lile ganda lina mafuta meusi, yakikugusa yanaunguza, ngozi inakuwa nyeusi halafu baada ya siku kadhaa inabanduka vipande vipande kama chokaa ya nyumba ya pwani. Wenye akili wanajipaka majivu kwanza, mi huwa nakumbuka nikishaungua. Msivisahau hivi vidole.

Sasa Jumapili usiku Zuhura ananiambia huku anapiga miayo, "Mjomba, Jumanne mwalimu wa baioloji anataka aina nne za tishu, kila moja useme inapatikana wapi na kazi yake nini, tuandike kwenye manila." Nikamuuliza hilo tu? Akasema hilo tu. Nikamwambia nenda kalale mwanangu, mjomba yupo.

Nikaenda dukani. Mwenye duka nikamwambia nipe tishu aina nne tofauti, akaniangalia, akasema kaka unafungua hoteli? Akanipa ya roli, akanipa zile za mezani, akanipa ya boksi, ya nne akahangaika mpaka akatoa zile za majimaji za kufutia watoto. Na manila moja, na maka pen. Hela ya mboga ya siku mbili ikaishia pale pale lakini moyo mweupe, elimu haina bei.

Nikakaa na taa ya simu nikaandika kwa herufi kubwa, na mi mwandiko wangu mzuri jamani msinione hivi. MOJA, TISHU YA CHOONI. Inapatikana: chooni, nyuma ya mlango. Kazi yake: inajulikana. MBILI, TISHU YA MEZANI. Inapatikana: hotelini, ikiwa imekatwa vipande vinne ili isiishe haraka. Kazi yake: kufuta mafuta ya chipsi. TATU, TISHU YA BOKSI. Inapatikana: kwenye dashibodi ya gari ya bosi, pia ukumbini siku ya harusi. Kazi yake: machozi na jasho. NNE, TISHU YA MAJI. Inapatikana: kwenye mkoba wa mama mwenye mtoto mchanga. Kazi yake: dharura. Nikabandika na kipande cha kila moja kwa gundi, nikasimama mbali nikaiangalia, nikasema huyu mtoto anachukua namba moja.

Asubuhi Zuhura kaisoma yote kimya. Mdomo unamcheza.

"Mjomba, ni tishu za mwili."

"Sasa hizi zinafutia nini kama si mwili?"

Akaenda kuleta daftari. Ndiyo akanisomesha pale pale nimeshika kikombe cha chai, kwamba mwili umejengwa na seli, seli za aina moja zikikaa pamoja zikafanya kazi moja basi lile kundi ndiyo linaitwa tishu, na kwa binadamu ziko kuu nne. Kuna za epithelia, hizo ndizo zinazofunika, ngozi kwa nje, na kwa ndani zinatandaza mdomo, tumbo, utumbo, mapafu, kazi yake kulinda na sehemu nyingine kufyonza au kutoa majimaji. Kuna unganishi, hizo zinashikilia na kuunga vitu, mifupa, gegedu, kano, mafuta, na damu. Hapo kwenye damu nikamkatalia, nikamwambia kitu kinachotiririka kinaunga nini, akasema Mjomba, damu inapeleka hewa na chakula kila kona ya mwili, na seli zake zinaelea kwenye maji yake kama vile seli za mfupa zinavyokaa ndani ya mfupa. Nikanyamaza. Kuna za misuli, hizo za kujongeza. Na kuna za neva, za kupeleka taarifa, ubongo, uti wa mgongo na nyuzi zake mwili mzima.

Nikamwambia kumbe rahisi! Hivyo vyote si viko bucha?

Manila nyingine hela sina, tukakubaliana anageuza ile ile anaandika upande wa pili, zile karatasi za gundi zibaki huko nyuma. Hapa ndipo pa kukumbuka.

Mchana nikaenda bucha Magomeni ya huku huku Mtwara. Nikajisahau nikasema, "Kaka nipatie tishu unganishi." Yule bwana wa bucha kisu mkononi akaninyooshea duka la jirani, tishu pale. Ikabidi nimweleze vizuri, na niwaambie ukweli, yule mtu hajakaa darasa la baioloji labda hata siku moja lakini anaujua mwili kuliko watu wengi wa daftari. Akachukua kongoro akalipasua, akanionyesha uzi mweupe mnene umekakamaa, akauvuta na kwato ikakunja, akasema hii kano, hii ndiyo inashika nyama kwenye mfupa, bila hii mnyama ana nguvu zote na hatembei. Kule kwenye ncha ya mfupa kuna kitu kinang'aa kama kauri, cheupe chenye ubluu kidogo, kinateleza, gegedu hiyo, ile inayolia ka ka ka ukitafuna, ipo ili mifupa isisagane. Zuhura baadaye akaniongezea kwamba gegedu haina mishipa ya damu ndani yake, ndiyo maana mtu akiumia gegedu ya goti anauguza mpaka anazoea.

Akanipa na moyo. Nyama ya moyo ukiikata unaona kabisa imesukwa tofauti na ya paja, na misuli ya namna hiyo haipo kwingine kokote mwilini ila hapo tu, inapiga kama mara 100,000 kwa siku na hujawahi kuiagiza. Misuli ya paja wewe ndiyo bosi wake. Ya utumbo nayo haikuulizi, inasukuma tu chakula polepole hata ukiwa umelala, ndiyo akanikatia na kipande cha utumbo, kwa ndani kuna ule utando laini unateleza, epithelia hiyo. Mwisho ubongo, kidogo, kwenye kifuko chake, unatetemeka kama uji ulioganda.

Nikarudi nyumbani najiona profesa. Friji sina, nikatia vyote kwenye ndoo, nikapaka chumvi, nikafunika, nikaweka na jiwe juu. Ubongo nikauona unataka heshima yake, nikauweka kwenye bakuli juu ya kabati.

Jioni mama yangu kaingia kutoka Mikindani, bila taarifa, kama kawaida yake. Tukasalimiana, tukala, tukalala.

Alfajiri naota nipo kwenye sherehe. Nasikia harufu ya tangawizi, kitunguu swaumu, ndimu, nasema ndoto gani hii ina viungo. Kufungua macho, harufu ipo! Nikatoka mbio. Mama yuko uani ameinamia sufuria, uso umejaa furaha sijauona tangu nimeoa, anasema, "Mwanangu Mungu akuzidishie, umejua mama anakuja ukamnunulia makongoro, na jiwe umeweka paka asile." Sasa ukiwa na mama wa hivyo unasemaje? Nikasema ndiyo mama, karibu. Nikakimbilia kabatini. Bakuli jeupe, safi, limerambwa, na paka yuko chini ya kiti ananawa uso taratibu. Neva nzima iko tumboni kwake.

Zuhura alipoamka akalia, si kidogo. Bibi yake anauliza mtoto ana nini, namwambia tumbo, bibi anasema basi mpe supu.

Ndiyo nikaamua liwalo na liwe, naenda mwenyewe kumweleza mwalimu. Tukatia supu kwenye hotipoti, tukapanda bajaji, Zuhura kakumbatia manila iliyokunjwa, mi nimekumbatia tishu zilizochemka. Njiani nikachungulia, ile kano iliyokuwa ngumu kama kamba ya jahazi imekuwa laini inacheza kama jeli. Zuhura akasema huku anafuta kamasi kwamba kano imejengwa na nyuzi za kolajeni na kolajeni ikichemka muda mrefu inayeyuka kuwa jelatini, na akasema kwa uchungu kweli, kama vile anasoma wasifu wa marehemu.

Madam mwenyewe kijana, kanipokea vizuri, shikamoo, karibu mzazi, kaa hapo mbele. Kabla sijafungua mdomo kujieleza kamwita Zuhura aanze kubandika manila yake ubaoni. Mtoto na mawazo yake na macho yamevimba kakunjua, kabandika, kageukia darasa, kaanza kusema, "Hizi ni aina nne za tishu za mwili wa binadamu."

Darasa zima kimya sekunde moja. Halafu lile vumbi la kicheko lililotimka pale sijawahi kusikia hata uwanja wa Nangwanda siku ya mpira. Kabandika upande wangu. TISHU YA CHOONI, INAPATIKANA CHOONI, NYUMA YA MLANGO, KAZI YAKE INAJULIKANA, na kipande cha roli kinapepea kwa upepo wa dirishani. Madam kajiziba uso na kitabu cha mahudhurio, mabega yanaruka. Kuna dogo nyuma anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio, "Kazi yake: dharura!"

Nikanyanyuka niigeuze. Kwa haraka ile ile kiwiko changu kikakutana na kona ya dawati. Ile sehemu mnaijua. Umeme ukatoka kwenye kiwiko ukashuka mpaka kidole cha mwisho, hotipoti ikanitoka, nikatamka neno la Kimakonde ambalo hapa siliandiki, na ndiyo nikagundua nusu ya darasa ni Wamakonde.

Madam alivyopata pumzi akasema, "Mzazi, usikae, simama hivyo hivyo." Akawaambia watoto hicho alichokipiga si mfupa, ni neva inayopita nyuma ya kiwiko karibu kabisa na ngozi, inaenda mpaka kidole cha mwisho na cha pembeni yake, hiyo ndiyo tishu ya neva na mmeiona inavyopeleka taarifa. Akanishika mkono, akaona vidole vyangu vya korosho vinabanduka, macho yakamng'aa! Akaita madawati mstari kwa mstari waje waangalie, kwamba ngozi ni epithelia ya tabaka nyingi, la juu ni seli zilizokufa na linabanduka, chini zinazaliwa nyingine, na ngozi ya juu inajibadilisha yote kwa kama mwezi mmoja. Watoto arobaini na kitu wamenishika vidole. Akaniambia kunja mkono, misuli hiyo, cheka kidogo, cheka tena mzazi, inua kisigino, hii kamba hapa nyuma ndiyo kano kubwa kuliko zote mwilini, shikeni sikio lake, gegedu hiyo. Wakashika. Dogo wa nyuma akalivuta.

Supu haikumwagika yote, mfuniko ulishika. Ilienda ofisi ya walimu na hotipoti ikarudi imeoshwa.

Zuhura kapata 18 kwa 20. Mbili madam kakata, kaandika kwa wino mwekundu kwamba sampuli ilikuwa inaongea. Mama mpaka leo anajua makongoro yalikuwa yake. Pale stendi wanafunzi wakipita wananiita Mjomba Tishu, wananunua korosho kwa hiyo sijakasirika.

Manila sikurudishiwa. Juzi nimeitwa kikao cha wazazi, nikaomba kujisaidia, wakanielekeza choo cha walimu. Nimefunga mlango nikageuka, nakutana na mwandiko wangu, nyuma ya mlango, na roli limening'inizwa pembeni yake.