Mlango wa kugonga

Soko la tumbaku lilikuwa limefunguliwa Urambo mjomba aliponipigia. Salamu hazijaisha, akauliza: "Mjomba, huko kwenu kibarua akidhulumiwa analia kwa nani?"

Nipo Windsor, Canada, kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Nilimweleza habari za wenzetu wa Mexico. Mkataba wa biashara wa Marekani, Mexico na Canada, ulioanza Julai 2020, umewawekea mlango wa kugonga: wakinyimwa haki ya chama cha wafanyakazi, kinabanwa kiwanda chao hichohicho, si nchi nzima. Pale kiwanda cha magari cha General Motors, mji wa Silao, Mexico, kura ya wafanyakazi juu ya mkataba wa kazi ilivurugwa mwaka 2021. Marekani ikalalamika, kura ikarudiwa, mkataba wa chama cha zamani ukaangushwa. Mwaka uliofuata walichagua chama kipya na kupata nyongeza ya asilimia 8.5. (Msidhani ni huruma. Marekani inataka mshahara wa Mexico uongezeke ili viwanda visihamie huko.)

Tumbaku imeonja dawa nyingine. Novemba 2019 Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa, ikiwamo ya watoto. Mkulima mwema na mdhalimu wakatiwa kapu moja.

Sitetei kazi ya watoto, nimeifanya. Nikiwa darasa la tano nilifunga majani kwenye fito mpaka usiku, kando ya bani la kukaushia tumbaku, kwa mwanga wa koroboi. Asubuhi natapika, kichwa kinazunguka, nyumbani wanasema malaria. Kumbe nikotini ya majani mabichi hupenya ngozini.

Siku hizi mkataba wa kilimo na mnunuzi unamkataza mjomba kutumia watoto, na ni sawa kabisa. Ila mteuzi, yule anayepanga ubora sokoni, akishusha daraja la tumbaku, fedha ya kumlipa mtu mzima aliyetoka Kasulu inatoka wapi? Naye kibarua huyo husubiri marobota yauzwe ndipo aone chake. Babu zake walipokwenda mkonge Tanga waliitwa manamba, na walau namba zao ziliandikwa. Yeye haandikwi popote, na kipengele cha kazi kinachoishia kwenye karatasi ya mnunuzi hakimjui.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo huyo wa Mexico ana pa kupiga simu," akasema. "Haya, mimi nimekupigia wewe. Nitumie ya mbolea."